Mikorosho ya Dativa, Ardhi ya Jerome

Mzee Valerian alipoona siku zake zimekwisha, aliita ukoo akagawa shamba lake la Rasbura kwa namna ambayo wanunuzi wa viwanja huikimbia. Ardhi alimpa Jerome, mwanawe wa kwanza. Mikorosho iliyosimama juu ya ardhi hiyo alimpa binti yake Dativa, "mpaka ife yenyewe". Mombasa nimeona nyumba za watu zikikaa miaka na miaka juu ya udongo wa watu wengine, kwa hiyo sikushangaa niliposimuliwa. Hapa Lindi nako hakuna aliyeshangaa. Wakati ule mji ulikuwa bado mbali.

Kisha mji ukafika. Maneno ya mradi wa gesi yakapandisha bei ya kila kipande kilichopakana na barabara, na Mustansir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaja kutazama. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Alipoelezwa habari ya mikorosho, alirudi kwenye gari.

"Mzee Jerome, nikinunua hapa nitakuwa nimeoa mke wa mtu. Mimi nataka kiwanja nilale usingizi. Malizaneni kwanza."

Jerome akamfuata dada yake, mjane asiye na mtoto, akamkuta ameinama anaokota korosho. Akamwambia atamlipa aachane na miti.

"Hela yako nitaila mwaka mmoja," Dativa alisema. "Hii inanilipa kila msimu."

"Na palizi? Na dawa ya salfa? Na wezi, na mnada, na kusubiri malipo? Mateso yote hayo ya nini, mdogo wangu? Chukua hela ukae."

"Nikae nikila nini?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Katika hoteli za miji mingi nimewasikia wanaume wenye tai wakiikosea hesabu hiyohiyo. Dativa alisahau kitu kimoja tu. Alihesabu wezi wa korosho, hakumhesabu kaka yake.

Msimu wa kupuliza dawa ulipofika, Jerome akawa mtu mwingine. Alikuja kupalilia. Alibeba pampu ya injini mgongoni ili dada asichoke. Majani yalipoanza kugeuka manjano, yeye ndiye aliyesema ni ugonjwa, akaongeza salfa. Matawi yalipokauka, akalipia misa ya kuliombea shamba, na Dativa akapiga magoti kanisani karibu naye.

Asubuhi moja Dativa alifukua chini ya shina mojawapo. Akakuta mzizi umetobolewa, tundu limezibwa kwa udongo mbichi. Akanusa kidole.

"Jerome, mzizi unanuka dizeli."

"Labda pampu ilivuja."

"Pampu inakula petroli."

Jerome akakung'uta mikono yake. "Baba alisema mpaka ife. Si imekufa?"

"Alisema ife yenyewe."

"Nani aliyeiona ikiuawa?"

Kwenye baraza la kata waliuliza swali hilohilo, kwa upole zaidi. Shahidi hakuwapo.

Mustansir alinunua mara tu baada ya hapo, naye hakuuliza miti imekwenda wapi. Siku ya kusafisha kiwanja, Jerome alisema mbele ya watu, "Dada, kuni zote chukua. Sikudai kitu." Wakamsifu kwa moyo wake.

Dativa akachoma mkaa. Sasa anauuza kando ya barabara, akitazamana na vyumba vya Mustansir, na wapangaji ndio wateja wake. Mkaa wenyewe unakaribia kwisha. Mtu akimuuliza atauza nini baadaye, Dativa anamuuliza anataka kiasi gani.

Juma lililopita alikuja wifi yake Genoveva, mke wa Jerome, na ndoo.

"Kaka yako anasema utupunguzie. Sisi ni ndugu."

"Nitawapunguzia."

Akageuka, akajaza chenga na vumbi mpaka karibu na ukingo, akapanga vipande vizuri juu, vizito, vyeusi. Akapokea hela.

"Msalimie," alisema.