Haleluya ya Kwaresima, Kiringye

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha kwaya, parokiani Luvungi, mashariki mwa Kongo, niliwalaza watu wazima usingizi mchana. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya historia na Kiebrania kidogo, na niliona ni aibu watu waimbe neno wasilolijua. Basi nikaandika ubaoni HALELUYA, nikalikata vipande viwili. Hallelu, msifuni. Yah, kifupi cha Jina la Mungu, lile ambalo Wayahudi hawalitamki ovyo. Nikaeleza kwamba anayeimba neno hili hasemi "ninasifu". Anawaita wenzake wasifu, kisha anangoja waitike. Nikaendelea hivyo mpaka jua likahama dirisha.

Katekista Mkuu, bosi wangu wa kwanza, akakohoa mlangoni.

"Mwalimu, hiyo Kiebrania iko nzuri. Sasa utatupa sauti saa ngapi?"

Kutoa sauti ndiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wa kwaya. Unagonga diapason, uma mdogo wa chuma unaolia noti moja tu, unausogeza sikioni, halafu unampa kila mmoja pa kuanzia: soprano, alto, tena, besi. Niliugonga gotini kwa bidii ya msomi. Nilichechemea wiki nzima, na noti yenyewe sikuipata.

Nilijifunza polepole. Baada ya Luvungi nilihamishiwa Kiringye kufundisha historia katika shule ya sekondari, na kila jioni nikawa na kwaya ya parokia. Huko ndiko nilikoelewa nilichokuwa nimekiandika ubaoni.

Haleluya ya Kiringye ilikuwa na mwanzishaji, yaani mwanamke mmoja anayeitoa peke yake, bila ngoma. Baada yake huingia watu wa besi, kisha kwaya yote. Mwanzishaji alikuwa Mama Feza, mkulima wa mihogo mwenye sauti iliyofika barabarani. Besi iliongozwa na Mzee Bahati, mume wake. Walikuwa wakiitana na kuitikiana hivyo tangu ujana wao, na kila repetisyo, yaani mazoezi ya kwaya, ilianza kwa ugomvi.

"Weye unaniitikaka kama ng'ombe iliyokwama mu matope," Mama Feza alimwambia.

"Na weye unaniitaka kama minye niko Burundi. Niko hapa nyuma yako, mama!"

Mkubwa wetu alikuwa Padiri Paroko, mtu wa sheria, asiye na sikio hata kidogo. Kutokuwa na sikio, kwa lugha yetu ya kazi, ni kuimba noti ya jirani ukidhani ni yako. Alipoimba altareni, waimbaji wangu wa sauti ya tena waliinamisha vichwa wakijifanya wanasali. Lakini katika liturujia hakukosea. Kwaresima ilipokaribia alitukumbusha kuilaza Haleluya: tunaiimba Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, halafu inanyamaza mpaka Pasaka. Huko Kiringye hilo lilishikwa kuliko kufunga chakula. Hata mtu anayetwanga nyumbani, neno hilo likimponyoka, watoto wake walimkemea.

Mzee Bahati alikufa katikati ya Kwaresima, kwa homa ambayo sote tulidhani itapita.

Mama Feza alinipitia twende pamoja kwa Paroko. Hakulia. Alikaa ukingoni mwa kiti, kanga ya kichwani imefungwa vizuri.

"Padiri, kesho tukimushusha, ninaomba nimuimbie Haleluya yetu."

Paroko alivua miwani. "Mama, Haleluya imelala. Tutaiamsha Pasaka, na nitaiombea roho yake siku hiyo."

"Pasaka atakuwa amekwisha kwenda."

"Mama Feza, nikikuruhusu wewe, nitamkataza nani?"

"Sawa, Padiri," akasema, akainuka.

Kesho yake tuliimba za Kwaresima, taratibu, zote za toba. Sanduku lilipogusa chini ya kaburi, kamba zikavutwa, na wenye majembe wakausogelea udongo. Ndipo Mama Feza akaanzisha. Haleluya, ndefu, peke yake, ile ile.

Akafika mwisho wake. Mahali pa besi hapakuwa na sauti.

Watu wa besi walinitazama. Kwaya hufundishwa kutofungua mdomo mpaka mkono wa mwalimu ushuke, na mkono wangu ulikuwa bado juu. Nilimtazama Paroko. Mama Feza hakumtazama mtu. Alikuwa ameinamia kaburi, amegeuza sikio kidogo, kama anayesubiri kweli.

Akaitika Paroko.

Aliitika kwa besi, amechelewa, kwa noti ambayo haipo kwenye diapason yoyote. Sijapata kusikia Haleluya mbaya kama ile. Aliishikilia hivyo hivyo mpaka mkono wangu ukashuka wenyewe na kwaya nzima ikaingia kumsaidia.

Tukirudi kutoka makaburini, Padiri aliniambia, "Mwalimu, usitangaze kwamba Paroko ameamsha Haleluya katika Kwaresima."

"Padiri, kijiji kizima kimesikia."

"Wamesikia kelele. Si ndivyo unavyosema kila siku, kwamba mimi siimbi, napiga kelele?" Tukatembea kidogo. "Mama ameita, Mwalimu. Ningemwacha hapo?"

Pasaka, Mama Feza alisimama mahali pake akaanzisha. Nikashusha mkono. Watu wa besi hawakuingia. Walimwachia Mzee Bahati pumzi moja, wote, bila kuagizwa, ndipo wakaitika. Jumapili iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mwishowe mkono wangu ndio uliojifunza kuchelewa.

Sasa nimestaafu, niko Nyamianda, koo limechoka na magoti pia, ingawa goti la kulia nililiharibu mwenyewe. Vijana wakiniuliza nguvu ya Haleluya iko wapi, siwapi tena vipande viwili ubaoni. Nawaambia waisikilize ikiitwa, kisha waangalie nani atathubutu kuitika.

Juzi mwalimu mpya wa Kiringye alikuja kunisalimia kwa pikipiki. Kijana mzuri, anatoa sauti kwa simu, na simu haikosei.

"Mwalimu, kwaya uliyotuachia iko bien," akasema. "Shida ni Haleluya tu. Watu wa besi wanachelewaka kuingia. Nawakosoa, wananiambia ndivyo inaimbwaka. Hata wale waliokuja mwaka huu! Wanasubiri nini?"

"Kuna mwenzao anaingia kwanza," nikamwambia.