Nyumba Niliyoimalizia Maji

Mama yangu alikaa ndani miaka mitano. Hakufungiwa na mtu. Alijifungia mwenyewe, na sababu ilikuwa kahawa.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne kutoka Unguja: mama, dada yangu na mimi. Asli yetu Qurayyat, huko huko Omani, lakini Kiarabu cha mama kilikuwa cha sala tu. Tukapanga nyumba Matrah, na wiki ile ile jirani akamwalika mama. Binti wa nyumba akammiminia kahawa kwenye kifinjani, mama akanywa. Akamimina tena, mama akanywa tena. Kwetu mtu akikukirimu ukakataa, umemvunjia heshima. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa ukitosheka unakitikisa kifinjani, ndipo wanapoacha kukumiminia. Alikunywa mpaka dele zima la kahawa likakauka, moyo unamwenda mbio, na wanawake wakaziba midomo kwa shela zao. Kesho yake kichochoro kizima kilikuwa na habari ya Mzinjibari aliyemaliza dele.

Jirani alikuja kubisha hodi mara tatu baada ya hapo. Kila mara mama alinituma niseme anaumwa. Mwishowe hodi ikakoma.

Basi nikirudi kutoka kazini namkuta mama pale pale, mkekani chini ya dirisha, anashona kofia. Harusi haendi, matanga haendi. Nilikuwa namkasirikia, sifichi. Na chini ya hasira ilikuwa khofu, kwamba atakuja kufa humo ndani na mji mzima haumjui.

Mwaka wa sitini na tisa tajiri wangu, muuza vitambaa, akanituma Japani kuchagua mitindo ya leso. Sokoni kila mtu akawa mjuzi. Ati Wajapani wote wafupi, wanakula nyoka, na hawajui kukasirika, kutwa wanatabasamu. Aliyefika huko hata mmoja hayupo. Mama alisema, "Nenda, baba, lakini usile kitu usichokijua kichwa wala mkia."

Osaka naikumbuka kwa ukungu. Mpaka leo sina hakika kipi nilikiona na kipi nilikiota. Mvua nyembamba kama unga unaochungwa, watu wengi wanaotembea bila kelele, taa za rangi zinaelea kwenye maji ya barabarani, na mimi na kanzu yangu katikati, nnajiona kama nimetoka katika usingizi wa mtu mwingine. Watoto walinifuata. Walimuuliza Mhindi aliyekuwa mkalimani wangu kama kwetu tunalala na ngamia, na kama simba anapiga hodi. Nikamwambia awaambie kwamba Matrah tunasumbuliwa na mbuzi tu, wanakula hata karatasi. Hawakuamini. Walitaka simba wao.

Mwenye kiwanda cha kuchapa vitambaa alinichukua nyumbani kwake nilale. Viatu nikavivua mlangoni bila kuambiwa, nikajisifu moyoni kwamba hawa ni watu wa adabu moja na mimi. Samaki mbichi nilimtazama, naye akanitazama. Kisha wakanionyesha pa kuoga, wa kwanza kabla ya wote.

Chumba cha mbao, mvuke umejaa, na pipa kubwa la maji ya moto lililofunikwa. Pembeni kiko kigoda na kata. Nikasema moyoni, kumbe birika la kuogea wanalo, kama letu la Unguja. Nikaketi kigodani, nikapiga bismillahi, nikachota. Joto lilinilainisha mifupa ya safari. Nilichota na kujimwagia huku nnasikia sauti ya mama, na maji ya Unguja yakidondoka katika chumba cha kuogea cha utoto wangu, mpaka kata ikagonga chini ya pipa.

Nilipotoka nikamkuta baba yake mwenyeji wangu, mzee wa makamo ya babu, taulo begani, anangoja. Nyuma yake bibi, nyuma ya bibi watoto. Mzee akachungulia pipa. Akanigeukia, akatabasamu, akainama. Wote wakatabasamu, wakainama. Nikasema, wallahi, watu hawa wamenifurahia.

Asubuhi Mhindi aliniambia. Yale yalikuwa maji ya nyumba nzima, wameyakokea kuni tangu alasiri. Mtu hujisafisha nje ya pipa kwanza, kisha huingia ndani akajiloweka, na maji yale yale humngoja mwenziwe. Nilitamani ardhi inimeze. Siku hiyo hiyo nikamwona mtu kituoni anamfokea mchukuzi mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na nikajua kwamba kukasirika wanajua sana, ila mimi walinistahi. Nikahamia hoteli. Mitindo ya leso nikaimaliza kupitia kwa mkalimani.

Niliporudi Matrah nikamsimulia mama, nikidhani atacheka. Hakucheka. Sindano ilisimama mkononi mwake.

"Yule mzee alioga?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Niliona haya. Sikurudi tena."

"Na wao hawakukutafuta?"

Hapo nikamwambia nililokuwa nimelificha. Mhindi alinieleza siku ya kuondoka kwamba jioni ya pili watu wale walikoka tena kuni, wakajaza pipa, na mzee akakaa mlangoni kunisubiri niwe wa kwanza. Na jioni ya tatu vile vile.

Mama akaiweka kofia magotini. "Wamekukokea moto," akasema, "na wewe ukawaacha wanangoja." Hakunitazama. Na sauti yake haikuwa ya kunigombeza mimi.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini adhuhuri. Mkeka upo, kofia ipo na sindano imechomekwa, mama hayupo. Nilimwita chumbani, nikamwita ukumbini. Dada yangu akatoka jikoni anafuta mikono.

"Kaenda kwa jirani," akasema. "Tangu saa tatu."

Niliketi mahali pake, chini ya dirisha, nikalia bila kuona haya. Chakula kilipoa. Alasiri iliadhiniwa, na mama bado hajarudi.