Jina Katika Kitabu cha Wageni

Blandina Fredrick alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza.

Alikuwa mzaliwa wa Bombo, mwaka wa tatu wa sheria, na kwa mafunzo yake ya vitendo alipangiwa ofisi ndogo ya msaada wa kisheria mjini Same: vyumba viwili, feni mbovu na wakili mmoja, Mwamvita Habibu, mama wa maneno machache. Siku ya kwanza alimwambia jambo moja tu. "Hapa watu wanatuachia siri zao, mwanangu. Ukivujisha hata moja, funga begi urudi chuoni."

Wiki ya tatu akatumwa milimani kuchukua maelezo ya Bibi Ernesta, mjane anayelima mahindi chini ya ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili kila nyumba ipate maji kwa zamu. Bibi alikuwa amemwona kwa macho yake Sadock, mwenye shamba kubwa la tangawizi, akitoboa ukuta wa ndiva na kulaza bomba lake. Kijiji kizima kilijua. Jirani mmoja aliyelalamika mwaka jana aliamka akakuta migomba yake yote imefyekwa, na tangu hapo watu wakafunga midomo. Bibi Ernesta alikubali kusema, kwa sharti kwamba jina lake lisijulikane mpaka shauri lifike mahakamani.

Maelezo yalichukuliwa vizuri. Kosa lilikuwa limeshafanyika kabla, saa tatu asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji. Nani aliyelelewa nchi hii asiyeijua adabu ile? Mgeni akifika hupita ofisini, husalimia, husaini kitabu cha wageni, ndipo aende zake. Blandina alimwamkia mtendaji, Mzee Eliufoo, akavuta kitabu na kujaza safu zote bila kuruka hata moja, utadhani anasubiri tiki ya mwalimu. Jina. Anakotoka. Namba ya simu. Kwenye sababu ya kufika akaandika kwa herufi za kupendeza kabisa: Kumwona Bibi Ernesta kuhusu maji ya ndiva. Eliufoo alisoma, akafunga kitabu, akamtakia kazi njema.

Kesho yake Blandina alimsimulia wakili safari nzima, akitarajia kusifiwa. Alipofika kwenye kitabu, Mwamvita akavua miwani.

"Uliandika nini?"

Blandina akasema.

"Mke wa Eliufoo unamjua?"

"Hapana, mama."

"Ni dada yake Sadock."

Blandina alingoja kukaripiwa, na wakili hakumkaripia, jambo lililomtisha zaidi. Mwamvita alipiga simu ya bibi mara tatu. Haikupatikana. "Nenda," alisema. "Nenda sasa hivi ukamwone."

Bodaboda ilipanda kona baada ya kona, na kila kona Blandina aliiona akilini ile migomba iliyofyekwa, ila safari hii migomba ilikuwa ya Bibi Ernesta, na baada ya migomba akamwona bibi mwenyewe ameanguka katikati yake. Njiani alikata shauri, Mungu amsamehe, kwamba ataingia ofisini na kuuchana ukurasa ule, hata akifukuzwa chuo.

Ofisi ilikuwa wazi na haina mtu. Kitabu kilikuwa mezani. Alifungua, akatafuta, akatafuta tena. Ukurasa wake haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, taratibu, karibu kabisa na mshono; bila shaka sasa uko mikononi mwa Sadock.

Hakukumbuka alivyofika shambani. Bibi Ernesta alikuwa ameinama akipalilia, mzima. Mfereji wake ulikuwa mkavu, udongo umeanza kupasuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nilijua utarudi." Bibi alijinyoosha, mkono kiunoni. "Leo ilikuwa zamu yangu. Wagawa maji wamewapa wa juu, wamewapa wa chini. Kwangu hawakugeuza. Na jana jioni Sadock alipita hapa, akanisalimia kwa jina langu na la marehemu mume wangu. Miaka yote hajawahi."

"Ni mimi, bibi. Niliandika jina lako kwenye kitabu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nisamehe. Leo hii tunalifuta, yale maelezo tunayachana, nitawaambia nilikosea nyumba."

Bibi Ernesta alilishika jembe kwa mikono miwili, akaliegemea.

"Naogopa, mjukuu wangu. Usiku sikulala. Lakini ukilifuta jina langu leo, haya mahindi yatakuwa yamekauka kwa ajili ya nini?"

Blandina akayafuta machozi kwa kiganja.

"Toa daftari. Andika na hili la zamu. Andika na ile salamu."

Akaketi kwenye tuta, akaandika. Herufi zilipinda na kupandana, mwandiko ambao angeuonea aibu chuoni. Juu yao, kwenye ukuta wa ndiva, mtu mmoja alikuwa amesimama akiwatazama. Bibi naye alimwona. Akaendelea kusema, wala hakushusha sauti.