Ya Saba Kwenye Ubao Bubu

Nilimwonea wivu tangu siku aliyoingia ukumbini na viatu vyake vilivyopigwa rangi vikang'aa, na sijui kama nimeacha. Bendi yetu ya dansi ilikuwa ikifanya mazoezi kila alasiri Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitenge. Mpiga gitaa la besi alikuwa amepata uhamisho wa kwenda bara, na nafasi yake tuliitaka wawili: mimi, mtoto wa Ilala niliyejifunza kwa sikio, na yeye, kijana wa Masasi aliyekulia kwenye kwaya ya misheni.

Besi ilikuwa moja tu, mali ya bendi, marufuku kuitoa ukumbini. Baada ya mazoezi kila mmoja wetu alipewa nusu saa. Yake aliitumia kwa jambo moja: kodi ya saba, yaani ule mkusanyiko wa sauti nne, nota zake zikipandishwa moja moja kisha zikishushwa, huku akiziimba kama walivyofundishwa kanisani: do, mi, so, ta. Ile ta ndiyo ya saba yenyewe, iliyoshushwa kidogo, inayoufanya wimbo utamani kwenda mbele. Alirudia mpaka mfagiaji wa ukumbi akawa anaziimba. Mimi nilikaa kwenye benchi nikijifanya nafunga kamba za viatu, macho yote kwenye vidole vyake. Kisebusebu na kiroho papo.

Kumwuliza nisingemwuliza hata kwa mtutu wa bunduki. Tena zamu yangu ilipofika sikuthubutu kulifanya zoezi lile, maana angejua kwamba najifunza. Nilipiga nyimbo za bendi, zile nilizozijua, kwa madaha.

Zoezi nililifanyia nyumbani. Nilichukua ubao kwa seremala wa Gerezani, nikauchora mistari kama shingo ya besi, nikafunga nyuzi nne za mshipi wa kuvulia samaki nilizonunua Feri, nikatia doa la mkaa mahali pa kila nota. Haukutoa sauti, na hilo nililipenda, kwa kuwa hakuna ambaye angenisikia. Kila asubuhi vidole vilipita kwenye madoa matatu, kisha la nne, pale nilipodhani nimemwona akibonyeza. Mama alidhani nimerogwa.

Siku ya kupimwa, kiongozi wa bendi alitaka saba ya G, kisha ya C, kisha ya D, mbele ya wenzetu wote. Nikaanza mimi. Vidole vilikwenda vyenyewe vilikozoea, na nota ya nne ikatoka kali kama embe bichi. Nilisikia. Mwenzangu alikuwa amesimama kando ya spika, akaninong'oneza, "Shusha, ndugu. Mstari mmoja nyuma."

Nilisikia hilo pia. Kwanza nilijiambia anataka kunivuruga, na hata nilipojua kwamba yuko sahihi sikushusha. Nilipiga zote tatu na kosa lilelile mpaka mwisho. Afadhali aibu kuliko kupokea kitu kutoka kwake. Kiongozi akanivua mkanda wa besi begani, akamvalisha yeye, na nafasi ikawa yake.

Jumapili iliyofuata yule kijana wa Masasi akaja kwetu, katoka kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

Mama akampa kiti changu. Mgeni akauona ubao ukutani, akautazama kitambo, wala hakucheka. Akalifuta doa la nne kwa kidole, akaokota kipande cha mkaa jikoni, akatia jingine nyuma yake mstari mmoja.

"Piga sasa," akasema.

Nikabonyeza. Ubao ulikuwa kimya, basi yeye akauimbia: do, mi, so, ta. Ilikaa sawasawa, sikuweza kubisha. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka njia panda kama inavyopasa, tukapeana mikono. Niliporudi nikafuta doa lake, nikalirudisha langu palepale penye kosa.