Dhahabu ya Gumato

Gumato Ibrae wa Kiwanjani alikuwa na wivu, na hakujisumbua kuuficha. Jirani akinunua sufuria mpya, Gumato alikosa hamu ya kula. Lakini mwaka wa 1979, akiwa na miaka arubaini na mitatu, kitu kilichomchoma kuliko sufuria zote za mji kilikuwa mikono ya mke mwenzake, Umulkheir.

Mikono yake mwenyewe ilikuwa imemgeuka. Asubuhi aliamka vidole vimekaza, vya kulia na vya kushoto sawasawa, na ilibidi jua lipande juu ya mabati ndipo aweze kushika kikombe. Viungo vilivimba vikawa vya moto. Mzee mmoja wa Chechelesi alimtibu kwa kumchoma chuma cha moto kwenye vifundo vya mikono, mara mbili. Akapata makovu manne, na vidole vikabaki vilevile.

Maradhi yangemchagulia mwaka mwingine, angevumilia. Binti yake, Tiya, alikuwa ameposwa na kijana wa Sericho, na harusi ilipangwa baada ya Idi. Kwa Waborana, mama ndiye anayemsukia binti gorfa, chombo cha maziwa cha nyuzi za mizizi, kilichokazwa mpaka hakivuji hata tone. Bibi harusi akienda bila gorfa, wakwe watauliza kama alizaliwa na upepo. Gumato alisuka kitako cha gorfa ya Tiya, akafika pale ukuta unapoanza kupanda, sindano yake nene ikamponyoka. Akaiokota. Ikamponyoka tena.

Denge, mume wao, mchuuzi wa ng'ombe na mtu wa maneno machache, akakata shauri. "Umulkheir atamaliza," alisema.

Umulkheir alikuwa na miaka ishirini na sita. Miaka saba ya ndoa hakuwa amejaliwa mtoto, lakini mikono, wallahi, mikono alijaliwa. Masikioni alivaa vipuli vya dhahabu alivyopewa na mama yake, navyo vilicheza kila alipovuta uzi. Gumato, ambaye hakuwahi kuvaa dhahabu maishani, alikaa mlangoni akimtazama, akitafuta kosa katika kusuka kwake. Hakuliona, na hilo lilimuuma kuliko viungo.

Mwezi wa nne Denge alimpeleka hospitali moja ya mbali, akatolewa damu. Majibu yalirudi kwa barua kwenye zahanati mjini, na nesi Kinanu, mama wa Kimeru, ndiye aliyemsomea.

"Mama, hii ugonjwa si baridi, na hakuna mtu amekuroga. Ni mwili yako inajipiga yenyewe kwa viungo. Haiishi, lakini inaweza kutulizwa."

"Itatulia kabla ya Idi?"

Kinanu hakutaka kumdanganya. Kulikuwa na aspirini, vidonge vingi kila siku baada ya chakula. Vingepunguza maumivu, lakini ugonjwa ungeendelea na kazi yake. Kulikuwa na kidonge kingine chenye nguvu, ambacho kingefungua vidole ndani ya siku chache tu, ila ukikizoea kinavimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Na kulikuwa na sindano, moja kila wiki, pamoja na kupimwa damu na mkojo kila mara kwa sababu inaweza kudhuru figo. Hiyo huchukua miezi kabla ya kufaa, na wengine haiwafai kabisa.

"Hiyo sindano ni ya dawa gani?"

"Ni ya dhahabu."

"Dhahabu gani?"

"Dhahabu, mama, hii ya kuvaa. Wanatengeneza dawa nayo."

Mtu mwenye haraka ya harusi angeomba kile kidonge cha nguvu. Gumato alikuwa na haraka, lakini wivu wake ulikuwa na haraka zaidi. Akilini aliona vile vipuli vya Umulkheir vikicheza. "Niwekee hiyo dhahabu," akasema, "na aspirini ya maumivu." Habari za figo zilipita sikio moja zikatokea jingine.

Basi kila Alhamisi Gumato akawa anajifunga buibui na kwenda mjini. Wiki ya tatu Umulkheir akamwuliza Denge mke mwenzake huenda wapi.

"Anatiwa dhahabu," Denge akajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Umulkheir akautupa uzi chini. Mume hana ruhusa kumpendelea mke mmoja, na sheria hiyo Umulkheir aliijua vizuri kuliko wanaoifundisha. Gorfa ikasukumwa chini ya kitanda, ikalala huko wiki mbili. Na Gumato? Alifurahi, Mungu amsamehe. Maumivu yalikuwa yaleyale, lakini sasa kulikuwa na mtu anayemwonea wivu yeye, na jambo hilo lilimpa usingizi kuliko aspirini. Angeweza kueleza kwa maneno mawili. Hakuyasema, hata Tiya alipokuja kumlilia kwamba ataenda Sericho mikono mitupu.

Mwisho Umulkheir akampeleka mumewe kwa sheikh, na Gumato akaitwa.

"Mama Tiya," sheikh akasema, "mwenzako anadai haki yake. Hiyo dhahabu iko wapi? Ilete tuione."

Gumato akatazama mkeka. "Sheikh, iko mahali siwezi kukuonyesha."

"Umeificha?"

"Si mimi nimeificha. Ni nesi Kinanu, kwa sindano. Ameiweka hapa." Akaupeleka mkono wake uliovimba nyuma ya nyonga.

Denge, yule mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akakohoa, na sheikh akajifunika uso kwa kilemba. Umulkheir hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono.

"Dada, si ungeniambia?" akasema. "Mimi nilidhani ni bangili."

Alasiri ileile akaitoa gorfa chini ya kitanda.

Idi ikapita, harusi ikafika. Gumato alikuwa ameshadungwa sindano kumi na nane, na vidole vyake ndiyo kwanza vinaanza kukunjika nusu. Wanawake wa Sericho waliipokea gorfa, wakaigongagonga, wakaijaza maji. Haikuvuja.

"Nani amesuka hii?" wakauliza.

Gumato akangoja. Alitaka mwenzake aseme ni kazi ya mama mtu, uongo mdogo tu wa harusini.

"Mimi," Umulkheir akasema, na ilikuwa kweli tupu.

Wakampigia vigelegele. "Ni kweli, amesuka yeye," Gumato akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mwacheni asuke. Kuzaa kumemshinda."

Vigelegele vikakatika. Umulkheir akainamisha kichwa, akaendelea kuwamiminia wageni maziwa. Gumato alitamani kulirudisha lile neno, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi iliyofuata Tiya alikuwa ameshaondoka na lori la Sericho. Gumato aliamka amekaza mwili mzima, akakivuta kikopo cha aspirini. Kifuniko chake kilikuwa cha kuzungusha, na Tiya ndiye aliyekuwa akimfungulia. Akajaribu kwa viganja, akajaribu kwa meno. Kikopo kikamponyoka, kikabingirika mpaka mlangoni. Kumwita mtu hakuthubutu.

Umulkheir aliingia bila kuitwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alifungua kikopo, akamtilia vidonge vitatu kinywani, akamshikia kikombe mpaka akameza.

"Leo Alhamisi," akasema. "Usichelewe sindano yako."

Akatoka. Gumato alikuwa ameionea wivu mikono ile miezi na miezi. Sasa akauonea wivu moyo wa Umulkheir, na kwa moyo kama ule Kinanu hakuwa na sindano.