Siku Nilipoihamisha Mwanza

Bora nikiri mwenyewe, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine akatia chumvi: mimi ndiye yule mwalimu aliyewaonyesha wazazi wa wanafunzi kwamba kaskazini iko upande wa Tabora, mchana kweupe, tukiwa hapahapa Shinyanga, na mimi mwenyewe Msukuma mzaliwa wa Kagongwa. Mkiniona nacheka msidhani sioni haya, nacheka kwa kuwa kulia nilishamaliza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, nami nafundisha hesabu na jiografia kwenye shule ya sekondari ya bweni nje kidogo ya mji. Mzungu mmoja, mpima ardhi wa machimbo ya dhahabu kule Geita, alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao aliniachia kitabu cha elimu ya nyota kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza, nikakisoma siku tatu mfululizo hadi chai inapoa mezani, kisha nikamwendea mkuu wa shule nikamwambia kwamba vijana wetu wa darasa la kumi nao wanastahili somo hilo. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Andika mpango wa somo, wiki kwa wiki, wa mwaka mzima. Mkaguzi anakuja Juni. Akiukubali tunaanza, akiukataa usinisumbue tena." Tangu hapo sikuwa na jingine moyoni, maana nilishachoka kuitwa mwalimu wa kuzidisha na kugawanya, nikataka jimbo zima lijue kwamba kuna mtu Shinyanga anafundisha mambo ya anga.

Kosa langu lilikuwa dogo tu: sikupanga somo, nilinakili. Kitabu kilisema wiki ya kwanza simika fimbo uwanjani, na adhuhuri kivuli chake kitaelekea kaskazini daima, nami nikaandika vivyo hivyo, na neno "daima" nikalipigia mistari miwili. (Msiseme sikujaribu. Nilijaribu Januari, siku moja, kivuli kikalala kuelekea Mwanza, yaani kaskazini, sawasawa, nikafunga daftari nikaenda kula ugali kwa amani.) Mara moja tu, jamani, nikadhani nimelijua jua.

Juni ilipofika, mkuu alitaka nimwonyeshe mkaguzi somo moja darasani, basi, lakini mimi kichwa kilishavimba, nikaomba tufanye uwanjani na wazazi waalikwe. Wakaja wengi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu pamba ilikuwa inauzwa na watu walikuwa mjini na magunia yao, na pia (hili nililijua baadaye) kulikuwa na uvumi kwamba mwalimu atatazama jua aseme mvua ya mwaka huo itaanza lini. Nilisimika mti mrefu kama mtu katikati ya uwanja, nikapanga mawe makubwa manne yaliyopakwa chokaa, kaskazini upande wa Mwanza, kusini upande wa Tabora, mashariki na magharibi mahali pake, na kila jiwe likaandikwa jina lake kwa masizi.

Asubuhi niliona kivuli kimeinamia upande wa Tabora. Nikajiambia kitageuka, bado mapema. Saa sita wazazi wakakaa, mkaguzi akaketishwa kwenye kiti chenye mto, nami nikahutubia kuhusu ukubwa wa anga huku jicho moja liko kwenye kivuli, na kivuli kinazidi kufupika na kusogea, lakini hakigeuki. Ilipokaribia saa saba kasorobo kikalala kimenyooka juu ya jiwe lililoandikwa KUSINI. Sikuelewa kabisa. Nilitazama juu, nikatazama chini, nikatazama kitabu, nikahisi dunia imezungushwa nikiwa nimesimama juu yake.

Sasa mtu mwenye akili angesema, "Mabwana, hapa kuna jambo silijui." Mimi nilisema, "Vijana, mawe yamepangwa vibaya. Yageuzeni." Wanafunzi wakatazamana, lakini wakayabeba, jiwe la kaskazini likapelekwa Tabora na la kusini likaletwa Mwanza, nami nikatangaza kwa sauti ya juu kwamba kivuli hakidanganyi. (Ya mashariki na magharibi niliyaacha palepale, kwa hiyo hata kwa kosa langu nilikuwa nimekosea.)

Wazazi wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja mfugaji akauliza kwa upole, "Mwalimu, sisi tunaitwa Wasukuma kwa kuwa tuko upande huu wa kaskazini, na wale wa kusini ni Wadakama. Kwa hiyo kuanzia leo sisi ni Wadakama?" Nikasema suala hilo ni la lugha, si la sayansi. Bwana Athumani, fundi cherehani wa Ngokolo, ambaye mwanawe nilimfundisha, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, kibla chetu kiko hukohuko Mwanza. Ukiyaacha mawe hivyo, itakuwa miaka yote tumeswali tumekipa mgongo. Nikamwambie nini shehe?" Nilimwambia asubiri kidogo, kana kwamba nilikuwa na kitu cha kumwambia baadaye.

Mkaguzi alikuwa anafungua mpango wangu taratibu. Akasoma wiki ya pili: kutazama nyota ya kaskazini. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha pwani, "Nyota hii umepata kuiona hapa?"

"Bado, Bwana Mkaguzi. Nadhani ni mawingu."

Akaangalia juu. Ilikuwa Juni, Shinyanga, hakuna wingu hata la kufunika kuku (nyota ile huku kwetu haichomozi kabisa, hili nalo nililijua baadaye). Akafunga mpango, akamwita Masanja, mwanafunzi wangu wa kwanza darasani, kijana wa Malampaka ambaye kila likizo hupanda treni ya Mwanza kwenda kwao, akamwambia, "Nionyeshe Mwanza iko wapi."

Masanja alinitazama mimi. Akalitazama jiwe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea Tabora.

Wakati huohuo treni itokayo Tabora ikapiga honi, ikaja na moshi wake kutokea upande uleule aliokuwa ananyooshea kidole, ikielekea Mwanza kama kawaida yake, na mkaguzi, ambaye alikuwa asafiri nayo, akasimama akachukua kofia. "Mwalimu," akasema, "nikipanda hiyo, nitafika Mwanza au nitarudi Tabora?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, hadi mkuu wa shule, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Mpango akanirudishia mkononi. Akasema hawezi kuukubali, na kwamba nimwandikie tena siku nitakapokuwa nimetazama anga la hapa badala ya la Uingereza.

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa, nikamkuta mke wangu, Mama Shija, anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, upande wa Tabora, kwenye kivuli kizuri kipana. Nikasimama. Nikamuuliza tangu lini anakaa hapo mchana.

"Tangu tuanze kuchuma pamba," akasema bila kuinua macho. "Miezi hii jua linapita upande wa Mwanza, kivuli kinakuja huku. Tukianza kulima linarudi upande wa Tabora, nami nahamia mbele. Kila mwaka, Baba Shija. Kwani kitabu chako hakisemi?"

Kitabu hakikusema, kwa sababu kule kilikoandikwa jua halivuki kichwa cha mtu. Mimi limekuwa likinivuka mara mbili kila mwaka tangu nizaliwe, na mke wangu alihama nalo mbele ya macho yangu, lakini nilikuwa nasoma. Nilikaa chini kando yake nikasaidia kupukuchua.

Jioni kabla ya kengele ya chakula nilimwita Masanja. Nilitaka kumgombeza, nakiri, kwa kuwa kidole chake ndicho kilichonimaliza. Nikamwambia, "Wewe unakwenda kwenu kila likizo. Hukujua Mwanza iko wapi?"

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Lakini wewe ulisema ni huku. Nikadhani labda mimi ndiye niliyekuwa napotea siku zote, nikafika nyumbani kwa bahati."

Kicheko cha uwanjani kilinipita, na ule mpango uliokataliwa nimeshausamehe. Jibu hilo sijalisahau, maana kijana alikuwa tayari kuikana njia ya kwao ili mimi nisiaibike, na ni mimi niliyemfundisha hivyo. Somo la nyota halikuanza mwaka ule wala uliofuata. Tangu siku ile nimeapa kwamba sitamwambia mwanafunzi kitu kiko wapi kabla sijamuuliza yeye amekiona wapi, na nikisikia mtu anasema "daima", hata awe nani, natoka nje kwanza nikatazame kivuli.