Usiku Alioutengeneza Koko

Jirani amegonga mlango mara ya pili sasa. Mara ya kwanza aliuliza kama naumwa. Safari hii ameuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna msiba. Simlaumu. Nani hapa Unguja hufunga madirisha yote asubuhi, katika joto la Machi, akawasha na kibatari juu yake? Nimemwambia mjukuu wangu leo anasoma hadithi yake mbele za watu, kwenye shindano la uandishi la wanafunzi. "Hongera, bibi," akasema, "lakini joto hili?" Nikamjibu kwamba joto tumezaliwa nalo, nikarudishia mlango. Ameondoka hajaelewa. Wewe keti nikueleze, maana humu gizani sina kazi nyingine, na nitakayosema si ngano, ni mambo yaliyonipata, kwa hiyo hayana mwiko.

Nilikulia Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, karibu na kiwanda cha sukari, miaka michache baada ya bendera ya Wafaransa kushushwa. Baba alikuwa mtu wa treni ile ndogo ya miwa, na alirudi nyumbani akinuka moshi na sukari ya kuungua. Asubuhi upepo ulileta harufu ya maua ya langilangi kutoka mashambani, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichotupangia siku: cha kuamka, cha chai, cha kwenda kulala. Nje tulisema Kimalagasi cha Wasakalava, shuleni Kifaransa, na ndani Kingazija, kwa sababu wazazi wa bibi yangu mzaa mama walitoka Ngazija. Kiswahili nilikipata ukubwani, nilipoolewa huku, nikakuta maneno mengi nimeshayasikia mdomoni mwake. Bibi tulimwita Koko, kama watoto wote wa Kingazija wanavyowaita bibi zao.

Koko alikuwa mkali, tena mkali wa kimya, ambao ni mbaya zaidi. Hakufunua chungu cha wali mpaka wa mwisho arudi nyumbani. Baba akichelewa kwa sababu treni imeacha reli, sote tulikaa tukinusa samaki wa nazi na achari ya embe mbichi, matumbo yakilia, na jiwe liko juu ya kifuniko. Siku moja mama alijaribu kunipakulia kwa siri, maana nilikuwa nalia njaa. Koko akamwambia, "Ukifunua chungu, unamwambia aliye njiani kwamba hatumngoji." Mama akarudisha kifuniko. Tukala baadaye sana, wali umeshapoa, tukashushia maji ya moto yaliyochemshiwa juu ya matandu, wali ulioshika chini ya chungu, na nakuapia sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Na ngano alizisimulia baada ya magharibi tu. Mchana ilikuwa mwiko, fady, kama wanavyosema Wamalagasi, na kila nyumba ilikuwa na adhabu yake. Kwa majirani, mtoto anayesimulia ngano mchana huota pembe. Sisi tungefurahi kuota pembe. Kwetu, ubaya wa ngano ya mchana humwendea mama wa msimuliaji. Na mwaka ninaokuambia, mama yangu alikuwa mjamzito, na kabla ya mimba hiyo alikuwa ameshazika wachanga wawili.

Basi mwalimu wetu, kijana wa nyanda za juu aliyevaa viatu vyeusi hata kwenye matope, akatutangazia shindano. Kila mwanafunzi aandike hadithi yake mwenyewe, isiyotoka kitabuni. Atakayeshinda atapata nafasi ya shule mjini Mahajanga. Niliandika juu ya mamba wa ziwani aliyeazima kofia ili ahudhurie harusi ya kuku. Mamba alitoka kwenye ngano za Koko, kofia ilikuwa yangu. Nilimwuliza kwanza kama kuandika mchana kuna ubaya. Alifikiri kidogo, akasema karatasi haina sauti, andika.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu alikuja nyumbani, kavaa tai. Nimechaguliwa, akasema, pamoja na watoto wachache wa pwani nzima, na kila mmoja atasoma hadithi yake kwa sauti ukumbini Mahajanga, saa tatu asubuhi. Koko alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Jioni haiwezekani?"

"Haiwezekani, mama. Wakubwa wana kazi zao."

"Basi atasimulia mchana."

"Atasoma tu, mama. Kusoma si kusimulia."

"Mdomo ni ule ule, mwalimu."

Mwalimu akalitazama tumbo la mama, akainama. Alikuwa amesoma, lakini naye alilelewa na bibi.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Nilitaka mno kwenda. Halafu nilimwona mama ameshika kiuno akivuta maji kisimani, nikajiona mchawi. Baba hakuingilia mambo ya mama mkwe wake, alikula, akatoka. Mama mwenyewe hakusema niende wala nisiende. Koko alizunguka na ufagio wake, hata mahali alipokwisha kufagia.

Mwishowe aliniita jikoni. "Nenda," akasema. "Usiku nitautengeneza mimi huku." King'ora cha chai hulia saa tatu. Kikilia tu, atafunga madirisha na mlango, atawasha taa ya mafuta, ataita majirani wakae chini kama wakati wa ngano, na mama atakuwa katikati yao. "Ubaya utamtafuta mama yako kwenye mwanga, hautamkuta. Lakini saa tatu, mwanangu. Saa tatu." Mama aliniweka sawa mtandio, akaniambia nisome pole pole.

Tulisafiri na meli ya mizigo, mimi, mwalimu na magunia ya sukari. Mwalimu alitapika njia nzima, maskini, viatu vyake vyeusi kavikumbatia. Mahajanga tulifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Mahabibo, katika nyumba ya mabati kwenye uchochoro wa vumbi jekundu, ambako kila alfajiri wanawake walikaanga mikate ya mchele wakiuza na kutaniana kutoka mlango hadi mlango. Shangazi alinipa wa kwanza kutoka kikaangoni. Niliufunga kwenye ncha ya mtandio. Alivaa shiromani yake ya sikukuu, akatupandisha kwenye posiposi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, tukafika ukumbini mapema mno.

Saa tatu ikafika. Viti vya mbele vilikuwa vitupu. Mkubwa aliyepaswa kufungua shindano alikuwa hajaja, na bila yeye hakuna mtu wa kuanza. Saa nne ikapita. Nilimwona Koko kwa macho ya moyo, amekaa na taa yake, majirani wanajipepea, mama anatokwa na jasho. Saa tano. Watapika lini? Watamwachia lini? Mkubwa alifika jua likiwa utosini, akahutubia kwa Kifaransa kirefu, akapigiwa makofi, kisha tukaambiwa wageni wanakwenda kula kwanza. Nilimvuta mwalimu mkono, nikamwambia siwezi tena, Koko atakuwa ameshafungua. Alijua ninachosema. Akaniambia, "Uamue wewe. Mimi sitakulazimisha." Nilimchukia kwa neno hilo, maana nilitaka anilazimishe.

Jina langu liliitwa alasiri. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, na jua limejaa sakafuni mpaka miguuni pangu. Nilisimama. Nilikunjua karatasi, nikaikunja tena. Mzungu mmoja kati ya waamuzi aligonga meza kwa kalamu, na nyuma yangu mtoto akacheka. Mama yangu yuko kwenye mwanga sasa, nilijiambia, anaanika nguo, hajui. Nilikuwa nimeshageuka kushuka, ndipo nikakumbuka lile jiwe juu ya kifuniko cha chungu. Koko hafunui mpaka wa mwisho arudi. Mimi sijarudi. Nilijishikilia hapo, sikuwa na pengine pa kujishikilia, nikasoma.

Nilisoma kwa sauti nisiyoijua. Mamba alipovuliwa kofia watu walicheka, na nilipomaliza, mdomo wenyewe, bila ruhusa yangu, ulitoa kwa Kimalagasi yale maneno ya kufungia ngano: si mimi mwongo, waongo ni watu wa kale. Watu wote wa nyuma ya ukumbi wakaitikia, shangazi akiwashinda wote. Waamuzi walitazamana. Nilipata nafasi ya tatu na sanduku la rangi za kuchorea. Nafasi ya shule ilikwenda kwa mtoto mwingine, na kusema kweli siku ile sikujali. Nilitaka meli tu.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa kizingitini akiparua samaki, tumbo mbele yake. Nilisimama njiani nikalia kama mtu aliyepigwa. Jirani akapiga kelele kutoka kwake, "Bibi yako nusura atuue kwa joto!" Ndipo nikasikia yote. Adhuhuri majirani waliomba ruhusa. Koko aliwaachia, mama hakumwachia. Baba alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imefungwa, akapenyeza mwili kwenye upenyo wa mlango kama mwizi. Taa iliongezwa mafuta, wali ukapikwa humo humo gizani. Dirisha la kwanza lilifunguliwa baada ya magharibi, usiku wa Mungu ulipokuja kupokea zamu.

Nilimwendea jikoni. "Kwezi, Koko," nikamwamkia.

"Mbona," akaitika, ndiyo marahaba ya Kingazija, bila kugeuka.

"Ulijuaje kwamba tulichelewa?"

"Niliwajua wakubwa wa Kifaransa, na hawa wetu wamefundishwa nao," akasema. "Tena wewe ulikuwa hujarudi."

Mdogo wangu alizaliwa salama, ana sauti kama king'ora. Leo ni mzee, anapeleka watalii kwa mashua kutoka Ambatoloaka, pale tulipokuwa tukiokota kombe na sasa ni mahoteli na muziki. Kiwanda kimefungwa, bomba lake limeota kutu, na hakuna king'ora cha kumwambia mtu saa. Shangazi na majirani zake waliondoka Mahabibo katika zile siku mbaya Wangazija walipouawa na kufukuzwa Mahajanga. Niliporudi kuutafuta uchochoro wake sikuujua. Koko amelala Nosy Be. Na ngano siku hizi zinatoka kwenye simu saa yoyote, wala hakuna anayeota pembe.

Mjukuu wangu naye aliambiwa saa tatu. Adhuhuri imeshaadhiniwa, na yeye na baba yake hawajaonekana. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi. Alirudi zamu ya usiku akalala moja kwa moja, hajui kama madirisha yamefungwa kwa ajili yake. Sasa hivi ameamka, anakuja akipapasa ukuta.

"Mama, mbona giza? Wali haujaiva?"

"Umeiva."

"Basi nipakulie, nina njaa."

"Kaa hapa karibu yangu," nimemwambia. "Mtoto hajarudi."